Kurekebisha rangi ya bampa Mombasa bila kuacha kiraka

Kona ya bampa ndiyo hulipa deni la barabara za Mombasa: tuktuk inayojipenyeza Mwembe Tayari, ukingo wa chuma pale feri ya Likoni, nguzo ya geti ambayo kila dereva huapa haikuwapo jana. Kulipiga rangi upya si kazi kubwa. Bampa moja la saluni ni kazi ya siku mbili kwa fundi mmoja, siku ya matayarisho na siku ya rangi. Kinachowashinda wengi ni mambo mawili: rangi kubanduka kwa maganda baada ya miezi michache, na bampa kubaki na rangi yake huku fenda ikiwa na yake, ingawa namba ya rangi ni ileile. La kwanza huletwa na plastiki isiyoshika rangi na chumvi iliyofungiwa chini yake. La pili hulaumiwa mchanganyaji wa dukani, lakini mara nyingi kosa limefanyika kwenye bunduki ya kupulizia.

Pima jeraha kabla ya kununua chochote

Osha sehemu iliyokwaruzika kwa sabuni ya vyombo, ikaushe, kisha ilowanishe. Mkwaruzo unaopotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka umeishia kwenye klia, lile tabaka angavu la juu. Huo hauhitaji rangi. Msasa wa maji namba 2000, halafu 3000, halafu kampaundi, dawa ya kung'arishia, kwa kitambaa laini, kazi imekwisha. Ukipitisha ukucha na ukanasa, jeraha ni la ndani zaidi.

Usidanganywe na mistari myeupe au ya bluu inayoonekana kama jeraha. Mara nyingi ni rangi ya gari jingine iliyoachwa juu ya klia yako, na kampaundi peke yake huiondoa. Mabampa mengi hupigwa rangi nzima kwa alama ambazo zingetoka kwa dakika ishirini za kusugua.

Vidoa vya mawe navyo havihitaji bunduki. Chukua kijiti cha meno, dondosha tone la rangi ndani ya kidoa, acha likauke, ongeza jingine mpaka lijae kidogo juu ya uso. Siku ya pili weka tone la klia, na likishakauka kabisa lisawazishe kwa msasa wa 2000 uliokunjwa kwenye kipande kidogo cha mpira. Ile brashi inayokuja ndani ya kikopo ni nene mno, huacha uvimbe.

Kama plastiki imeonekana, fanya majaribio mawili zaidi. Bandika masking tepu pembeni mwa jeraha, ikandamize, inyofoe kwa ghafla: rangi ikija nayo, kazi ya zamani haijashika na lazima yote itolewe, si kona tu. Kisha chukua kitambaa cheupe chenye thina, kikandamize nusu dakika mahali pasipoonekana, usugue. Rangi ikitoka kwa wingi, bampa liliwahi kupigwa rangi ya NC, ile isiyotumia hadena, dawa ya kugandisha rangi. Hiyo ukiipiga 2K, yaani rangi inayochanganywa na hadena, juu yake hukunjamana mbele ya macho yako. Iondoe mpaka ufike kwenye plastiki au rangi ya kiwandani.

Fungua bampa, usome kilichoandikwa mgongoni

Fundi wa haraka hupiga rangi bampa likiwa kwenye gari. Inawezekana, ila kingo za juu hazifikiwi, vumbi la rangi huingia kwenye taa, na mstari wa tepu kando ya fenda hubaki ukionekana miaka. Kulifungua ni suala la spana namba 10, bisibisi ya nyota na bisibisi bapa: klipu za juu chini ya boneti, skrubu za pande mbili ndani ya upinde wa gurudumu, klipu za chini, halafu soketi za taa za ukungu ikiwa zipo. Anza kuvuta kwenye kona, kuelekea nje, na mwenzako ashike upande wa pili. Klipu zilizokaa kwenye joto la injini miaka kumi huvunjika tu, kwa hiyo nunua kama sita za ziada mapema.

Ndani ya bampa kuna alama iliyozungukwa na vichwa vya mishale, kwa mfano >PP+EPDM<. Magari mengi ya Japani yana PP (polipropilini) au mchanganyiko wake, na hii ndiyo plastiki yenye shida: uso wake ni kama wa mafuta, rangi haina pa kushika. Alama isiposomeka, piga msasa sehemu ya nyuma. PP hutoa manyoya, ABS, plastiki ngumu zaidi, hutoa unga.

Sensa za kuegesha zitolewe, zisipigwe rangi nene juu yake. Na gari lenye rada nyuma ya kona za bampa lisiwekewe fila, ile dawa ya kujazia mashimo, wala chuma mbele ya rada hiyo, kwa sababu itaona visivyokuwapo au isione vilivyopo.

Maji matamu, si ya kisima

Visima vingi vya kisiwani na ukanda wa pwani vina maji ya chumvi. Yakikauka juu ya bampa huacha chembe usizoziona kwa macho. Chembe hizo zikifunikwa na rangi huvuta unyevu kupitia tabaka zote, na miezi kadhaa baadaye uso mzima unatoa vijipovu vidogo. Watu husema praima, ile rangi ya msingi, ilikuwa mbovu. Praima haina kosa. Ukiwa huna maji ya mfereji, nunua mtungi mmoja wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Unatosha kusuuza bampa zima na kupiga msasa wa maji.

Mpangilio ni huu, na usiugeuze: sabuni ya vyombo na maji, suuza, kausha, halafu kiondoa mafuta, yaani dawa maalumu ya kutoa nta na silikoni, ndipo msasa. Ukianza na msasa unaisukuma silikoni ya polishi ya tairi na dashibodi ndani ya mikwaruzo, na hutaitoa tena. Kiondoa mafuta hutumiwa kwa vitambaa viwili: kimoja kilicholowa kinapaka, cha pili kikavu kinafuta kabla dawa haijakauka, ikiacha uchafu palepale. Petroli isiguse bampa. Ina mabaki ya mafuta yake yenyewe.

Ufa na mbonyeo

Mbonyeo usio na ufa hutoka kwa maji yaliyochemka. Mwaga polepole mbele ya mbonyeo, sukuma kwa nyuma ukiwa na glavu nene, ukirudi mahali pake mwagia maji baridi hapohapo.

Kwa ufa, gundi ya haraka haishiki PP, na kushona kwa waya wa kawaida, ambako kila gereji ya mtaani hukufanya, hakufai kwa hewa ya bahari: waya unashika kutu na mistari yake inajitokeza kwenye rangi. Toboa tundu la milimita 3 mwisho wa ufa ili usiendelee. Kutoka nyuma, ingiza pini za chuma kisichoshika kutu kwa pasi ya umeme ya kulehemu, moja kila sentimita 2. Chimba mfereji wa umbo la V juu ya ufa, mpaka theluthi mbili za unene, ujaze kwa plastiki iliyoyeyushwa ya aina ileile. Ukanda uliokatwa kwenye bampa bovu lenye alama sawa unatosha. Geuza mbele, chimba mfereji mwembamba, weka fila ya plastiki inayonyumbulika, isizidi milimita 2 au 3. Kopo likitaka praima ya plastiki itangulie fila, fuata. Fila ya mabati hupasuka siku bampa litakapoguswa tena, na Mombasa litaguswa.

Msasa

Kingo za rangi iliyobanduka ziyeyuke taratibu kuelekea kwenye plastiki, kiasi kwamba ukifumba macho na kupitisha vidole husikii ngazi. Anza na 180 kwenye kingo tu, fuata 240, 320, umalize na 400. Usiende chini ya 320 kwenye PP tupu, manyoya yatasimama na yatanenepa chini ya praima. Bampa lote lililobaki, hata sehemu nzima zisizo na jeraha, lipigwe 800 ya maji au skochi ya kijivu (pedi ya kusugulia) mpaka mng'ao wote ufe. Kona, mikunjo ya grili na ukingo wa juu ndipo klia mpya huanza kubanduka, kwa kuwa hapo mkono wa fundi huwa umechoka.

Fila ikiwa wazi usiipige msasa wa maji. Inanyonya.

Praima mbili, kazi mbili

Praima ya plastiki ni ile nyembamba, aghalabu angavu, na kazi yake ni kushika PP tu. Mkono mmoja au miwili myepesi, yaani tabaka moja au mawili ya kupuliza, juu ya plastiki iliyo wazi, ungoje dakika 10 hadi 15, upige kinachofuata ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Haipigwi msasa, na kuipiga nene hakuongezi kushika. Huigeuza kuwa tabaka laini linalobanduka lenyewe.

Inayofuata ni praima ya 2K ya kujaza. Nyingi huchanganywa sehemu 4 za praima kwa 1 ya hadena, pamoja na thina kidogo, lakini kopo lako ndilo lenye neno la mwisho. Kwa kona moja mililita 150 zilizochanganywa zinatosha. Mikono miwili, dakika 10 katikati, wa pili uvuke wa kwanza kwa sentimita chache. Iache usiku kucha. Asubuhi vumbisha rangi nyeusi kidogo sana juu yake, kisha upige msasa 600 wa maji kwa rangi ya kawaida, au 800 kwa metaliki, ile yenye chembe za kumetameta. Weusi uliobaki ni mashimo. Weusi ukiisha wote, uso uko sawa.

Rangi ya praima yenyewe nayo inahesabika. Nyekundu na njano hazifuniki vizuri. Juu ya praima ya kijivu iliyokoza, nyekundu hufifia, na utaongeza mikono bila kufika.

Rangi: kodi ni mwanzo tu

Kodi, yaani namba ya rangi, iko kwenye bamba dogo la chuma au karatasi. Kwa magari mengi ya Japani tafuta kwenye ukuta wa nyuma wa injini au kwenye nguzo ya mlango wa mbele. Kwenye bamba la Toyota kuna mstari ulioandikwa COLOR TRIM au C/TR: kikundi cha kwanza, kama 1F7 au 040, ndicho rangi ya nje, kinachofuata ni cha vitambaa vya ndani. Baadhi zitakazopita mbele yako kila wiki ni 040, nyeupe ya kawaida, 1F7, fedha, 202, nyeusi, na 070, nyeupe ya lulu. Nissan ina QX1, nyeupe ya lulu pia. Usimwambie muuzaji “nyeupe ya Fielder”. Ni nyeupe ipi?

Dukani mazungumzo mazuri huwa hivi:

“Fundi, nichanganyie nusu lita ya 1F7.”

“Gari gani, kaka, na la mwaka gani? Umekuja na kifuniko cha tangi?”

Asipouliza, mwambie mwenyewe. Kodi moja huwa na fomula kadhaa: iliyokoza kidogo, yenye umanjano kidogo, yenye chembe kubwa za metaliki, kulingana na kiwanda na miaka. Kifuniko cha tangi la mafuta hutoka kwa skrubu mbili tu katika magari mengi. Kisugue kwa kampaundi kwanza, maana klia iliyochakaa hufanya rangi yote iliyo chini ionekane imefifia, na mchanganyaji ataiga uchakavu badala ya rangi. Lakini fenda ndiyo jirani wa bampa, si tangi. Ipige kampaundi nayo, kisha ulinganishe hapo.

Taka rangi ipimwe kwa mizani, kwa gramu. Kuna wachanganyaji wa macho wenye kipaji kweli, ila ukirudi kwao mwaka ujao hawatakupa kopo lilelile. Nunua ya kutosha mara moja. Bampa zima la saluni hula gramu 250 hadi 300 za rangi kabla ya thina; chukua nusu lita, ili ubaki na ya kujaribia na ya kuvusha kwenye fenda ikibidi. Klia, mililita 300 za klia na 150 za hadena kwa zile za mbili kwa moja.

Sasa kadi ya majaribio, hatua ambayo wengi huiruka na ndiyo inayoamua yote. Chukua karatasi ngumu au kipande cha bati, kipige praima ileile, rangi ileile kwa bunduki ileile, presha ileile, mikono ileile, kisha klia. Beisi, yaani rangi yenyewe inayokaa chini ya klia, haikuambii kitu bila klia, ni kavu na imepauka. Kikikauka, kishike bapa juu ya fenda, kisiwe mbele wala nyuma yake, ukitazame kutoka sehemu tatu: usoni moja kwa moja, kwa pembe, na ukiwa karibu sambamba na gari. Tazama juani, kisha kivulini. Saa tatu hadi saa tano asubuhi panafaa. Ikifika saa kumi na moja jioni jua limegeuka la manjano na litakudanganya kwenye fedha na nyeupe. Taa za dukani ndizo mbaya kuliko zote.

Kama kadi haikufanana, usikimbilie kuongeza rangi. Metaliki ina chembe bapa za alumini. Ukipiga mkono uliolowa sana, chembe huzama na kusimama ovyo, na uso unaonekana mweusi zaidi. Ukipiga mkavu, kwa mbali kidogo na presha ya juu, hulala bapa karibu na uso na kuakisi kama vioo, rangi inang'aa usoni na kukoza pembeni. Kwa hiyo kopo lilelile kwa mikono ya mafundi wawili hutoa rangi mbili. Kadi ikikoza kuliko fenda, ongeza presha kwa bari 0.3, punguza rangi inayotoka, sogea nyuma sentimita 5, ujaribu upande wa pili wa kadi. Ikipauka, fanya kinyume. Thina nayo ina lake: inayoruka polepole huacha rangi imelowa muda mrefu, hivyo hukoza.

Hapo tu ndipo uguse makopo ya rangi mama, zile za kuchanganyia, gramu moja moja kwa kila gramu 100, uelekeo mmoja kwa wakati, ukiandika kila kilichoingia. Na nyeupe isiingie kwenye metaliki kwa nia ya kuing'arisha. Itaua mng'ao usoni na kufanya pembe iwe kama maziwa. Metaliki hung'arishwa kwa metaliki.

Lulu kama 070 ina tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu angavu, klia. Hapa idadi ya mikono ya lulu ndiyo rangi yenyewe. Andaa kadi ndefu yenye nyeupe ya chini, gawa sehemu nne kwa tepu, upige mkono mmoja wa lulu sehemu ya kwanza, miwili ya pili, mpaka minne, halafu klia kote. Linganisha na fenda, sehemu itakayofanana inakupa hesabu. Bila kadi hiyo ni bahati nasibu, na mwenye gari atakuwa amelipia tiketi.

Kuna jambo la kumwambia mteja kabla hujafungua kopo. Mabampa kiwandani hupigwa rangi mbali na bodi, kwa kuwa plastiki haivumilii joto la tanuri la bodi, nyuzi 140 hivi, na kwa hiyo hata gari jipya huwa na tofauti ndogo hapo. Akitaka isionekane kabisa, njia ni kuvusha rangi kwenye fenda: beisi inapigwa ikififia kwenye theluthi ya mbele ya fenda, kisha klia fenda nzima. Hiyo ni gharama nyingine, ijadiliwe mapema.

Bampa lililotumika kutoka Japani lenye kodi sawa huonekana kama njia ya mkato, na wakati mwingine linafaa. Lakini lilikaa chini ya jua tofauti na gari lako. Lipige kampaundi, lilinganishe nje, ndipo ulipe.

Hewa, saa na kinga

Unyevu wa Mombasa ni adui wa pili baada ya chumvi. Thina inaporuka hupoza uso. Ukipoa chini ya kiwango fulani, unyevu wa hewani hugeuka matone juu ya rangi na kuacha ukungu mweupe. Thina ya bei rahisi inayoruka haraka ndiyo huleta balaa hilo. Nunua thina na hadena za polepole, za joto. Asubuhi mapema hewa bado ni nzito, na adhuhuri upepo wa bahari huleta vumbi, kwa hiyo piga kati ya saa tatu na saa sita. Masika, Aprili hadi Juni, subiri siku kavu kweli. Bampa jeusi lililokaa juani lipelekwe kivulini mpaka kiganja kikae juu yake bila kuungua. Chini ya mwarobaini si kivuli cha rangi: majani, utomvu na wadudu vyote vitatua kwenye klia.

Kompresa hunyonya unyevu huohuo. Toa maji ya tangi kabla ya kuanza na tena katikati ya kazi. Chujio la maji lisifungwe kwenye mdomo wa kompresa, ambako hewa bado ina joto na maji ni mvuke; liwekwe baada ya mita 8 au 10 za mpira, hewa ikiwa imepoa.

Hadena ya 2K ina isosainati, na dawa hii husababisha pumu isiyopona. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii chochote. Kiwango cha chini ni kinyago cha mpira chenye filta za mvuke na vumbi za aina ya A2P3, kikiwa kimebana uso, na filta zibadilishwe. Bora zaidi ni kinyago cha hewa ya kuletwa kwa mpira. Glavu za nitrili, miwani, mikono mirefu. Usipige 2K uani penye watoto, wala karibu na jiko au fundi wa kuchomelea.

Kupiga beisi

Futa kwa kiondoa mafuta, kisha kitambaa cha kunata cha kutoa vumbi. Mwagia sakafu maji kidogo, si dimbwi. Rangi ichanganywe na thina kama kopo linavyosema, kwa kawaida nusu hadi sawa kwa sawa, na ichujwe. Mdomo wa bunduki milimita 1.3 au 1.4, presha kama bari 2 kwenye mlango wa bunduki ya presha ndogo, umbali sentimita 15 hadi 20.

Anza na kona na kingo za ndani. Mkono wa kwanza mwepesi, praima ionekane kidogo. Angalia dakika hii: vishimo vya duara vikijitokeza ni silikoni, simama hapo, acha ikauke, usiendelee kumwaga rangi juu yake. Mkono wa pili ufunike, kila mpito uingie nusu ya uliopita. Wa tatu usawazishe. Kati ya mkono na mkono ngoja mpaka uso upoteze mng'ao wote, dakika 10 hivi. Kwa metaliki, maliza na mkono wa vumbi: presha chini kidogo, umbali sentimita 25, mwendo wa haraka. Huo ndio unaoondoa mawingu na mistari.

Ikiwa jeraha ni la kona tu, beisi iishie sentimita 15 hadi 20 nje ya praima, ikififia, si mstari. Lakini klia ipigwe bampa zima. Klia inayofifizwa katikati ya bampa hukaa vizuri siku ya kukabidhi, kisha jua la hapa hufungua ukingo wake na kuonyesha mstari kwa mwenye gari.

Klia

Baada ya beisi ngoja dakika 20 hadi 30, usilaze beisi mpaka kesho kutwa, klia haitaishika. Changanya kiasi utakachotumia ndani ya saa moja, kwa kuwa joto hufupisha maisha ya klia kopoini. Mkono wa kwanza wa kati, dakika 10 hadi 15, gusa tepu pembeni: ikinata bila kuvuta nyuzi, piga wa pili ukiwa umelowa vizuri, mwendo uleule usiosita. Kusita ndiko kunakoleta machozi, yaani klia kuchuruzika, na kukimbia huleta ganda la chungwa, uso wenye vijinundu.

Usilitoe juani mara moja. Uso utajifunga huku thina bado iko ndani, nayo itatoka kwa kutoboa vitundu vya sindano. Kivulini angalau dakika 40. Kulifunga kwenye gari ni kesho yake.

Machozi na vumbi hungoja siku moja, kisha 1500, 2000, 3000 na kampaundi. Ukungu mweupe kwenye beisi hutoka kwa kupigwa mkono mwembamba wenye thina ya polepole. Ukiwa chini ya klia, hautoki. Klia ikibanduka baadaye kwa karatasi pana, msasa haukufika au beisi ilikaa mno. Ikibanduka mpaka plastiki ikaonekana, praima ya plastiki ilirukwa. Vijipovu vyenye maji ndani ni ile chumvi.

Wiki ya kwanza osha kwa maji matamu tu, bila sabuni kali, na mavi ya kunguru yaondolewe siku hiyohiyo. Nta ingoje siku 30. Rangi iliyobaki itie kwenye chupa ndogo ya kioo iliyojaa karibu na mdomo, uandike kodi, namba ya fomula, tarehe, na kwa lulu idadi ya mikono. Hadena haitunziki hivyo: kopo likishafunguliwa kwenye hewa hii huvuta unyevu na kuganda, kwa hiyo nunua ndogo.